Kutenganisha nyuzi za DNA mahali ambapo maji huchemka kabla ya 95: mwongozo kamili kutoka Mbeya

Kipimajoto changu cha kwanza nilikirudisha dukani. Maelekezo niliyokuwa nayo yalisema vichupa vya DNA vikae kwenye maji ya digrii 95 kwa dakika 10, nami nilikuwa na sufuria, jiko la gesi na kipimajoto cha kioo nilichonunua Mwanjelwa. Maji yalitokota, mfuniko ukaanza kucheza, na ule mstari mwekundu ukagoma kwenye 94. Nikaongeza moto. Mstari haukusogea. Kesho yake nikamrudishia kijana wa duka kipimajoto chake "kibovu", tukabishana kidogo, akanipa kingine. Hicho nacho kikagoma palepale, 94 na nukta kidogo. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo mimi mwenyewe nalifundisha darasani kila mwaka, kwamba maji hayachemki kwa digrii 100 kila mahali. Nilirudi kumwomba radhi. Akacheka: "Mwalimu, mteja ni mfalme."

Swali lililobaki ndilo lililozaa mwongozo huu: je, hiyo 95 ni lazima? DNA inajuaje kwamba sufuria limefika 94 tu? Jibu fupi ni kwamba hakuna digrii moja ambayo nyuzi mbili za DNA zimeandikiwa kuachana. Digrii hiyo unaipanga mwenyewe, kwa chumvi unayotia, kwa urefu wa kipande ulichonacho na kwa herufi zilizomo ndani yake, yaani zile molekuli ndogo A, T, G na C zinazounda DNA. Ukielewa fizikia yake, maji ya Mbeya yanakutosha kabisa.

Tahadhari ya lugha kabla hatujaanza. Kiswahili kinatumia "nyuzi" kwa uzi na kwa joto pia, na hapa tutachanganyikiwa. Kwa hiyo nyuzi ni zile za DNA tu. Joto nitalihesabu kwa digrii.

Anza kwa kulipima sufuria lako

Mbeya mjini tuko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayotulalia ni haba kuliko ya Dar es Salaam, hivyo mvuke unapata njia ya kutoka majini mapema. Kanuni ya mkononi ni kwamba kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka kama digrii 1. Mbeya inapata 94 na kidogo, Iringa mjini karibu na 95, Njombe kati ya 93 na 94. Ukipanda uwanda wa Kitulo, mita 2,600 hivi, ni 91. Ukiteremka Kyela kando ya Ziwa Nyasa unarudi 98. Mama yeyote aliyewahi kuhama kutoka Kyela kuja Uyole anaijua hesabu hii bila kipimajoto, kwa jinsi maharage yanavyomla mkaa.

Chemsha maji, tumbukiza kipimajoto bila kugusa kitako cha sufuria, subiri mstari utulie, andika namba. Hiyo ndiyo dari yako. Kuongeza moto hakuipandishi. Moto wa ziada unaishia kutengeneza mvuke. Chumvi inaipandisha kidogo sana: gramu 58 kwa lita inakupa digrii 1 hivi. Sufuria la presha linaipita mbali dari hiyo, lakini huwezi kuchungulia ndani. Mwenye mashine ya PCR, ile ya kunakili vipande vya DNA, hana shida hii. Mashine hiyo inapasha bati la chuma kwa umeme, vichupa vimefungwa, na mfuniko wake wa moto unabana juu ili maji yasikimbilie kwenye kifuniko cha kichupa. Mwinuko hauihusu.

Ni nini hasa kinachowashikilia

Kila mwanafunzi wa biolojia atakwambia: A inashikana na T kwa vifungo 2 vya haidrojeni, G na C kwa vifungo 3, ukipasha moto vifungo vinakatika, nyuzi zinaachana. Si uongo. Ni nusu ya habari, tena nusu ndogo.

Tafakari hili. Uzi ukiachana na mwenzake, herufi zake hazibaki wajane. Zimezungukwa na maji, na maji nayo yanajua kufunga vifungo vya haidrojeni. Kinachopotea upande mmoja kinalipwa upande wa pili, na faida inayobaki ni kidogo. Nguvu kubwa inayoshikilia DNA iko kwingine: herufi hizi ni bapa kama chapati, na ndani ya DNA zimepangwa moja juu ya nyingine, kila moja ikiwa nanomita 0.34 kutoka kwa jirani yake. Nyuso zao bapa hazipendi maji. Zikilaliana zinatulia.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote hauhitaji maabara, unahitaji kikokotoo. Chukua hatua mbili za herufi: A ikifuatiwa na T, na T ikifuatiwa na A. Zote mbili zina jozi mbilimbili za A na T, vifungo 4 vya haidrojeni kila moja, sawa kabisa. Lakini vipimo vilivyokusanywa kwa miaka mingi, na kuunganishwa mwaka 1998, vinaonyesha kwamba kwenye chumvi nyingi hatua ya AT inafika mahali pa kuachia kwenye digrii 80 hivi, na ile ya TA kwenye 65. Tofauti ya digrii 15, na kilichobadilika ni namna chapati zilivyolaliana tu.

Kinyume na mshikamano huo kuna mambo mawili yanayovuta nyuzi zitengane. La kwanza ni uti wa mgongo wa kila uzi, ambao una fosfeti zenye chaji hasi. Hasi na hasi zinasukumana. Tukiweka chumvi, sodiamu yenye chaji chanya inajipanga kandokando ya fosfeti na kuzituliza, ugomvi unapungua, DNA inashikana zaidi. Kumbuka hili, maana ndilo komeo la mlango wetu.

La pili ni vurugu, ambayo wanafizikia wanaiita entropia. Asubuhi wanafunzi wakiwa paredi, kuna namna chache sana za kusimama: mstari ni mstari. Kengele ya mapumziko ikilia, uwanja ni ule ule, wanafunzi ni wale wale, lakini namna za kutawanyika hazihesabiki. DNA iliyoshikana ni paredi, iliyoachana ni mapumziko. Hesabu yake ni hii:

ΔG = ΔH − T × ΔS

ΔH ni joto linalotolewa herufi zikilaliana. ΔS ni vurugu inayopotea zikishikana, na T ni joto kwa Kelvini, yaani digrii za kawaida ukiongeza 273. Angalia mahali T ilipokaa: inazidisha vurugu. Kadiri unavyopasha, mapumziko yanapata kura nyingi. Hatua moja ya herufi kwa wastani ina ΔH ya −8 (kilokalori kwa moli) na ΔS ya −22 (kalori kwa moli kwa Kelvini). Gawanya 8,000 kwa 22 upate Kelvini 364, sawa na digrii 90 hivi. Hapo kura zinalingana. Hakuna kilichovunjwa kwa mabavu.

Kwa nini zinaachana kwa mkupuo

Mbeya ya mwezi Juni na Julai kila mtu ana jaketi, basi chukua lako. Zipu inafunguka kirahisi kuanzia mwisho. Jaribu kuifungua katikati, mwisho ukiwa umebana: meno ya kwanza ni kazi, lakini yakishaachia, ya pembeni yanafuata. DNA ni hivyo hivyo. Jozi ya katikati ikitaka kuachia peke yake, inabidi iache kulaliana na jirani wa juu na wa chini kwa pamoja, na hilo ni ghali. Ikishaachia, majirani wana mtu mmoja tu wa kumwacha. Ndiyo maana DNA ndefu haiachani kidogo kidogo kuanzia digrii 30 hadi 95. Inavumilia, inavumilia, halafu ndani ya digrii chache imeachia. Huanza kwenye sehemu zenye A na T nyingi, ambazo hufunguka kama mapovu, na kwenye ncha, kisha mapovu yanaungana. Digrii ambayo nusu ya jozi zimeachana ndiyo inaitwa Tm, nasi tutaiita hivyo.

Hesabu ya DNA ndefu

Mwaka 1962 Julius Marmur na Paul Doty walitoa kanuni ambayo hadi leo inafaa kwa kazi za haraka. Kwa DNA ndefu iliyo kwenye chumvi yenye sodiamu ya kiasi cha moli 0.2 kwa lita:

Tm = 69.3 + 0.41 × (asilimia ya G na C)

Sasa weka viumbe vyetu. Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, kina G na C kiasi cha asilimia 19 tu: Tm ni 77. Binadamu ana 41: Tm ni 86. Bakteria wa tumboni, E. coli, ana 51: ni 90. Bakteria wa kifua kikuu ana karibu 66: Tm ni 96.

Umeona mtego? DNA ya malaria inaachia mapema kabisa kwenye sufuria la Mbeya. DNA ya kifua kikuu kwenye chumvi hiyo haiachi yote, maana maji yanachemka kwa 94 na yenyewe inahitaji 96 kufika nusu tu. Mwalimu wa Dar angeifanya bila kujua kuna tatizo.

Hapa ndipo komeo la chumvi linapofunguliwa. Ukipunguza sodiamu mara 10, Tm inashuka kwa digrii 16.6. Ukitoka 0.2 hadi 0.05, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha mchanganyiko wa PCR, umepunguza mara 4, na Tm inashuka digrii 10. Kifua kikuu kinatoka 96 kinakuja 86, umbali wa digrii 8 chini ya dari yetu. Sufuria ni lile lile, gesi ni ile ile.

Kwa hiyo kanuni ya kazi kwa nyanda za juu: usiulize "nitafikishaje 95?" Uliza "Tm yangu ni ngapi kwenye chumvi niliyonayo?" Ikiwa dari yako inaizidi kwa digrii 5 au zaidi, endelea. Ikiwa haizidi, punguza chumvi. Wenye maabara wanaweza pia kutia formamidi, kemikali ambayo kila asilimia 1 yake inashusha Tm kwa digrii 0.6 hivi.

Usivuke mpaka upande wa pili, ukasema basi natumia maji matupu yasiyo na chumvi kabisa. Humo fosfeti hazina wa kuzituliza, na DNA inaweza kuachana mezani, bila moto.

Hesabu ya kipande kifupi

Kipande kifupi, kama vile vianzio vya PCR (vipande vinavyoonyesha unakili uanzie wapi), hakifuati kanuni ya Marmur na Doty. Wengi wanatumia njia ya mkato: digrii 2 kwa kila A au T, digrii 4 kwa kila G au C, ujumlishe. Inafaa kukisia, kwa vipande vya herufi 14 hadi 20. Lakini kama umenifuata mpaka hapa, unaona kasoro yake: inahesabu herufi na kusahau nani kalala juu ya nani. Wala haiulizi chumvi.

Njia ya uhakika ni kuhesabu majirani. Tuifanye mara moja kwa mkono, kwa kipande cha herufi 12:

GCATGACCTTGC

Kisome kwa hatua za herufi mbilimbili: GC, CA, AT, TG, GA, AC, CC, CT, TT, TG, GC. Hatua 11. Kila hatua ina ΔH yake kwenye jedwali la 1998. Kwa mpangilio huo ni: −9.8, −8.5, −7.2, −8.5, −8.2, −8.4, −8.0, −7.8, −7.9, −8.5, −9.8. Jumla ni −92.6. Ncha zote mbili zinaishia na jozi ya G na C, kila ncha inaongeza 0.1, tunabaki na −92.4.

ΔS nazo: −24.4, −22.7, −20.4, −22.7, −22.2, −22.4, −19.9, −21.0, −22.2, −22.7, −24.4. Jumla −245.0. Ncha zinatoa 2.8 kila moja: −250.6.

Kuna gharama moja bado. Nyuzi mbili zinazoogelea ndani ya kichupa lazima kwanza zikutane, na zikiwa chache kukutana ni bahati. Gharama hiyo ni 1.987 × ln(C ÷ 4), ambapo ln ni logi asilia ya kikokotoo na C ni wingi wa nyuzi zote. Kwa moli 0.000001 kwa lita inatoka −30.2. Sasa:

Tm = 92,400 ÷ (250.6 + 30.2) = Kelvini 329, yaani digrii 56.

Hiyo ni kwenye chumvi kali, moli 1 kwa lita. Shusha sodiamu hadi 0.05: ongeza kwenye ΔS 0.368 × 11 × ln(0.05), ambayo ni −12.1. Kigawanyo kinakuwa 292.9, na Tm inakuwa digrii 42. Rudi kwenye chumvi kali lakini punguza nyuzi mara 10, utapata 51 badala ya 56. Njia ya mkato ingekupa 38 na kunyamaza. Kipande ni kile kile, herufi ni zile zile, na tayari tuna majibu matatu sahihi.

Kazi ya mikono: bandama la ng'ombe

Watu wengi huanza na ndizi, na sisi wa karibu na Tukuyu hatukosi ndizi. Siipendi kwa kazi hii. Ule utando mweupe unaopata una pektini nyingi, na pektini haiachani nyuzi kwa sababu haina nyuzi mbili. Nenda bucha, omba bandama, kama gramu 50, la siku hiyo hiyo. Limejaa seli zenye viini vikubwa, DNA yake ni nyingi.

Liweke kwenye friji ligande kidogo, ulikatekate, usage na maji baridi sana mililita 100 yenye chumvi nusu kijiko cha chai. Saga kwa sekunde 15, usizidishe, visu vinakata DNA. Chuja kwa kitambaa. Tia vijiko viwili vya sabuni ya maji ya vyombo na ukoroge polepole kama unayeogopa kuamsha mtoto, dakika 10, bila povu. Sabuni inapasua utando wa seli. Uji utaanza kuvutika kama mlenda. Hiyo ndiyo DNA, ndefu na ngumu. Matone machache ya utomvu wa papai bichi, ule ule tunaolainishia nyama, yatakula protini. Acha dakika 10 nyingine.

Sasa spiriti. Iwe ile ya asilimia 90 na kuendelea, iliyolala kwenye friza, na moto wote uwe umezimwa. Imimine ikiteleza kwenye ukuta wa glasi iliyoinamishwa, mara mbili ya ujazo wa uji. Mpakani patatokea nyuzi nyeupe. Zivirigishe kwa kijiti cha mshikaki. Zikivirigika vizuri kama pamba ya kusokota, DNA yako ni nzima na ni ndefu.

Ioshe kwenye spiriti, ibane ikauke kidogo, kisha iyeyushe kwenye maji safi yenye chumvi kidogo sana: nusu kijiko cha chai kwa lita 3. Maji ya kuongezea betri yanafaa, yanauzwa vituo vya mafuta. Soma chupa vizuri, maana tindikali ya betri inakaa rafu moja nayo. Acha usiku mzima iyeyuke. Kwa chumvi hiyo Tm ya DNA ya ng'ombe ni kama 69, kwa hiyo 94 ya Mbeya ni zaidi ya kutosha.

Gawa mara mbili. Kichupa cha kwanza kibaki mezani. Cha pili kizame kwenye maji yanayotokota kwa dakika 10, kisha moja kwa moja kwenye barafu.

Vuta kila kimoja kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uache kidondoke. Cha mezani kinavutika na kuchelewa. Kilichochemka kinadondoka kama maji. DNA ya nyuzi mbili ni kama fimbo, hujipinda kwa taabu, na kioevu chenye fimbo ndefu ni kizito. Uzi mmoja ni kama kamba iliyolowa, unajikunja kipira, na vipira vinapitana bila kusumbuana. Kwa haki niseme kwamba moto pia unakata nyuzi, kwa hiyo wepesi wote si wa kuachana. Ndiyo sababu dakika 10 zinatosha, usifanye 40. Hakiki kwa spiriti: rudishia chumvi kidogo kwenye kila kichupa, mimina spiriti baridi. Cha mezani kitatoa tena nyuzi za kuvirigisha. Kilichochemka kitatoa chembechembe kama maziwa yaliyokatika, na kijiti hakitashika kitu.

Kupoza ni nusu ya kazi

Wengi huharibu hapa. Ukitoa kichupa kwenye maji ya moto ukakiacha mezani ukaenda kunywa chai, kazi yako inaanza kurudi nyuma. Nyuzi zinapenda kurudiana, na zinafanya hivyo kwa kasi zaidi zikiwa digrii 20 hadi 25 chini ya Tm, zikiwa na chumvi ya kutosha. Hapo zina joto la kuacha mshikamano wa bahati mbaya na kuendelea kutafuta mwenzi halisi. Barafu inazigandisha kabla hazijapatana: kila uzi unajikunjia peke yake na kubaki hivyo.

Ukitaka zirudiane, fanya kinyume. Tia chumvi, zamisha vichupa kwenye sufuria kubwa la maji ya moto, zima jiko, funika, liache lipoe lenyewe hadi asubuhi. Usiku wa Mbeya utafanya mengine.

Bila moto

Magadi tunayotia kwenye maharage ni alkali, na mwanafunzi mmoja aliniuliza kama yanaweza kuachanisha DNA. Swali zuri. Alkali inanyang'anya G na T haidrojeni ambazo ndizo zilizokuwa zikifunga kifungo, na kuziachia chaji hasi juu yake. Lakini inahitaji pH, yaani kipimo cha ukali wa alkali, ya kupita 11.5, na magadi yanaishia karibu na 10. Kostiki soda ya watengeneza sabuni inafika bila shida: gramu 8 kwa lita inaachanisha papo hapo, kwenye joto la chumbani. Vaa glovu na miwani, inaunguza macho, na utie soda kwenye maji, kamwe si maji kwenye soda.

Ndani ya seli hakuna sufuria wala kostiki. Kuna kimeng'enya kinachoitwa helikesi, kinachokula nishati ya ATP na kupita katikati ya nyuzi. Kazi si kubwa ukiiangalia kwa nguvu: wanafizikia wameshika ncha za DNA na kuzivuta pande mbili, na zipu inafunguka kwa pikonyutoni 10 hadi 15, sawa na uzito wa chembe nyekundu za damu kumi na kitu. Kazi ni kusokotoa. Chukua kamba ya katani yenye nyuzi mbili, mwenzako ashike mwisho mmoja kwa nguvu, wewe tenganisha nyuzi upande wako. Mbele yako kamba itajikaza mpaka ijifunge mafundo. DNA ina mzunguko 1 kwa kila jozi 10.5. E. coli anainakili kwa jozi 1,000 hivi kwa sekunde, maana yake DNA iliyo mbele lazima izunguke mara 95 kwa sekunde, karibu 5,700 kwa dakika: injini ya bodaboda inayopanda Mlima Nyoka na abiria wawili. Vimeng'enya vya topoisomeresi vinakata uzi, vinaachia msokoto, vinaunga tena. Bila hivyo helikesi ingekwama ndani ya sekunde chache.

Ukipata mashine

Chuo au maabara yenye spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaomezwa, itakuonyesha kuachana kwa namba. Herufi zilizolaliana zinafichana mwanga. Zikiachana zinameza zaidi mwanga wa urujuani usioonekana wa nanomita 260, karibu asilimia 40 zaidi. Kama mashine ilianza kwa kusoma 0.50, ukipasha polepole utaiona ikikaa 0.50 kwa muda mrefu, kisha ipande ghafla hadi karibu 0.70 na kutulia. Katikati ya mpando ndiyo Tm. Pasha digrii 1 kwa dakika au chini ya hapo. Ukienda mbio utasoma Tm ya uongo.

Jambo hili si la shuleni tu. Kipimo cha kifua kikuu cha Xpert Ultra, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2017, kinatambua usugu wa dawa ya rifampisini kwa njia hii hii: vipande vifupi vinashikana na DNA ya bakteria, vinapashwa, na mashine inaangalia vinaachia kwenye digrii ngapi. Herufi moja ikiwa imebadilika, mlaliano unaharibika na Tm inahama.

Jambo la mwisho, lililowahi kunitia hasara ya kazi ya siku mbili. Vichupa vidogo vya plastiki vikichemka, hewa iliyo ndani inatanuka na vifuniko vinafunguka, pwaa, maji ya sufuria yanaingia. Siku hizi navipanga kwenye kipande cha godoro nilichotoboa matundu, vielee shingo juu ya maji, na juu yake naweka kisahani kizito. Kisahani kiwe cha bati. Cha udongo kilipasuka.